Duka la Muvi la Kondele na Sura ya Kijana Mkaidi

Mwanzoni mwa likizo ya Agosti niliingia katika duka moja la muvi lililoko Kondele, Kisumu, nikiwa na flashi ya gigabaiti 32 mfukoni na haja ambayo nilidhani muuzaji hangeielewa. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya upili ya kutwa. Muhula uliokuwa umekwisha ulituachia wanafunzi kumi na mmoja waliosimamishwa masomo, baadhi yao mara mbili, kwa kuhepa, kwa kupigana, kwa kuvunja vioo vya darasa, na kwa kile ambacho barua za kamati ya nidhamu hukiita "utovu wa adabu uliokithiri" bila kueleza ni nini hasa kilichotendeka. Wazazi wao walikubali, na mwalimu mkuu pia, kwamba nikutane nao Jumamosi tatu za likizo, tutazame filamu kuhusu vijana wa rika lao, kisha tuzungumze. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu na wazazi wanaoweza kutaka kufanya vivyo hivyo. Nitalizungumzia duka na filamu kwa pamoja, kwa kuwa niligundua kwamba namna duka linavyozipanga filamu hizo na namna filamu zenyewe zinavyowatazama vijana ni mambo yanayokwenda sambamba.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na mama anayeuza mitumba ya watoto. Ndani yake mna kompyuta mbili, diski za kuhifadhia zilizopangwa juu ya kreti ya soda, na feni iliyoelekezwa kwenye mashine badala ya wateja. Filamu moja huwekwa kwenye flashi ya mteja kwa shilingi 30, na nne kwa shilingi 100. Kijana anayehudumu aliniamkia, akanisogezea stuli, na nilipomwambia kwamba nataka filamu za vijana watukutu hakukimbilia kubofya. Aliniuliza, "Ni za kutazama wewe, Mwalimu, ama ni za kutazama na hao vijana wenyewe?" Kisha akanyamaza, mkono ukiwa juu ya kipanya, akingoja nimjibu. Nimeingia katika maduka mengi ya aina hii mjini, na hilo ni swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa.

Ugumu ulianza alipofungua folda zake, kwa maana hakuna folda ya vijana. Kuna MAJAMBAZI, MAPENZI, SHULE, ZA ZAMANI na ZA MADIJE, na kijana wa miaka kumi na sita ametawanywa humo kulingana na kosa lake: akiiba yumo katika MAJAMBAZI, akipata mimba yumo katika MAPENZI, akiokolewa na mwalimu yumo katika SHULE. Simlaumu muuzaji, kwani amezipanga jinsi wateja wanavyoziomba. Lakini niliketi pale nikaikumbuka kabati ya faili katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, ambamo kila faili hufunguliwa kwa jina la kosa kwanza, na jina la mtoto huandikwa chini yake kwa kalamu.

Folda ya SHULE ndiyo iliyojaa zaidi, na ndiyo niliyoiacha upesi zaidi. Nyingi ya filamu zake ni za Kimarekani, na zinafanana kama sare: mwalimu mgeni anaingia katika darasa ambalo kuta zake zimeandikwa matusi, anadharauliwa kwa nusu saa, anatoa hotuba, kinara wa fujo anatokwa na machozi, na mwisho wa mwaka darasa zima linapita mtihani. Ninakiri kwamba hadithi hiyo hunitia moyo jioni ya Ijumaa. Hata hivyo imenipotosha kazini kuliko filamu zote za majambazi, kwa sababu katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu nilikuwa nikiitafuta hotuba ile, na nilipoikosa niliamini kwamba mtoto ndiye aliyeshindikana. Vijana wa filamu hizo huulizwa maswali mengi, lakini yote ni maswali ambayo mwalimu tayari anayo majibu yake. Tangu nilipolitambua hilo nimekuwa na kipimo kimoja ninapotazama filamu ya kijana mkaidi: je, kuna mahali ambapo mtu mzima anamuuliza swali la kweli, kisha anamngoja?

Kutoka ZA ZAMANI nilichukua "Rebel Without a Cause", filamu ya Marekani ya mwaka wa 1955 iliyoongozwa na Nicholas Ray. Jina lake lina maana ya mwasi asiye na sababu, na jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kujua ni kwamba filamu yenyewe inalikanusha jina hilo tangu mwanzo. Jim Stark, anayeigizwa na James Dean, amefikishwa katika kituo cha polisi usiku akiwa amelewa. Wazazi wake wanakuja wakiwa na mavazi ya sherehe, na badala ya kumsikiliza wanageukiana na kuanza kugombana mbele yake. Ni afisa wa polisi anayeshughulikia vijana ambaye anamchukua kando, anamwacha aipige meza kwa ngumi hadi hasira ipungue, kisha anamwambia kwamba anaweza kuja kumwona wakati wowote akizidiwa. Baadaye, baada ya kijana mwenzake kufa katika mashindano ya kuendesha magari kuelekea ukingo wa jabali, Jim anataka kwenda kueleza ukweli. Baba anamsihi asijitose katika jambo hilo, na mama anataka wahame mji. Jim anakwenda kituoni peke yake kumtafuta yule afisa, na anaambiwa kwamba hayupo.

Tukio hilo ni fupi mno, na watazamaji wengi hulisahau kwa sababu macho yao yanangoja bastola ya mwishoni, lakini ndilo ambalo wanafunzi wangu walilizungumzia kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alisema kwamba hata ofisi ya ushauri shuleni kwetu hufungwa siku za Ijumaa. Ni kweli. Siku hiyo mimi hufundisha vipindi sita mfululizo, na mtoto aliyezidiwa Ijumaa huukuta mlango una kufuli hadi Jumatatu.

Filamu hiyo ina kasoro mbili ambazo sitazificha. Ya kwanza ni kwamba Dean alikuwa na umri wa miaka 24, na anaonekana hivyo; alifariki katika ajali ya gari tarehe 30 Septemba 1955, wiki chache kabla filamu haijaanza kuonyeshwa, na tangu hapo picha yake katika jaketi jekundu imekuwa pambo, hata uchungu wa Jim umegeuka mtindo wa mavazi. Ya pili ni nzito zaidi. Kuna mahali ambapo baba yake Jim amepiga magoti sakafuni akiwa amevaa aproni, akiokota chakula kilichomwagika, na tunatakiwa tuelewe kwamba hapo ndipo nyumba ilipoharibika: baba amekuwa mnyonge na mama amekuwa na sauti. Hilo silikubali hata kidogo. Katika nyumba ninazotembelea Manyatta na Nyalenda wapo akina baba wanaosonga ugali kwa sababu mke yuko sokoni Kibuye hadi giza liingie, na watoto wao hawajapungukiwa na kitu kwa sababu hiyo. Anachomkosesha yule baba wa filamu mwanawe ni jibu, wala si suruali.

"Tsotsi" ya Afrika Kusini, iliyoongozwa na Gavin Hood na kushinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka wa 2006, niliikuta katika MAJAMBAZI, na nakala yake nyingine ilikuwa katika ZA MADIJE, yaani zile ambazo dije ameziwekea maelezo yake ya Kiswahili na Sheng juu ya sauti za waigizaji. Muuzaji alinipa zote mbili kwa bei ya moja ili nilinganishe, na ninamshukuru kwa hilo. Sina ugomvi na madije. Wamewafungulia watu wengi wa mitaa yetu filamu ambazo wasingeweza kuzifuata, na katika filamu za mapigano ucheshi wao ni nusu ya utamu. Katika filamu hii, hata hivyo, maelezo hayo yaliniumiza.

Kijana anayejiita Tsotsi ni kiongozi wa genge dogo. Mwenzake Boston, ambaye ndiye pekee aliyesoma miongoni mwao, anamuuliza jina lake la kweli, anamuuliza kuhusu mama, anamuuliza kuhusu baba, na mwishowe anamuuliza kama aliwahi kuwa hata na mbwa. Tsotsi anampiga hadi uso unavimba na kutapakaa damu. Jibu la swali lile la mbwa linakuja baadaye, na linakuja bila maneno: tunamwona mtoto, mama mgonjwa kitandani, baba anayemvunja mbwa mgongo kwa teke, kisha mtoto anayekimbia usiku hadi kwenye mabomba makubwa ya saruji ambamo watoto wasio na makao wanalala. Nguvu yote ya filamu imo katika ule muda kati ya swali na jibu. Katika nakala ya dije muda huo haupo. Boston anapouliza, dije anatueleza kwamba jamaa amekasirikia pesa. Mtoto anapokimbia gizani, dije anapiga mluzi na kusema kwamba hapo ndipo jambazi alipoanzia kazi. Wanafunzi niliwaonyesha sehemu chache tu za nakala ya asili, kwa sababu mauaji yaliyomo yanatisha, na nilipowachezea dakika mbili za nakala ya dije walicheka kidogo, kisha mmoja akasema, "Mwalimu, huyu anamwongelea." Sijawahi kusikia kazi ya kamati ya nidhamu ikielezwa kwa ufupi kuliko hivyo.

"Nairobi Half Life" ya mwaka wa 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, niliitazama nyumbani peke yangu na sikuwaonyesha, kwa ajili ya matusi na damu. Mwas, mhusika wake mkuu, amekwisha kuvuka ujana wa shule, lakini nilitaka niione tena kwa sababu ya mwanzo wake: ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano, naye huziigiza mbele ya wateja moja baada ya nyingine, sauti na bunduki na kila kitu, ili wazinunue. Baba yake haoni kipaji hapo. Anaona mwana aliyepotea. Niliitazama nikimfikiria kijana wa Kondele na kreti yake ya soda. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania Oscar ya lugha ya kigeni, na inastahili heshima hiyo, ingawa jiji linapommeza Mwas, uhusiano wake na baba unaachwa nyuma, nami ningependa uendelezwe.

Kuhusu "Sarafina!" ya mwaka wa 1992 sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu wa rika langu ameiona. Uasi wa wanafunzi wa Soweto dhidi ya kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana ulikuwa na sababu ambayo dunia nzima iliijua, na ni kosa kuiweka katika kapu moja na filamu za utukutu, jambo ambalo hata mimi nililifanya nilipoiomba.

Nilimuuliza muuzaji kama ana filamu yoyote ya Kenya kuhusu mwanafunzi wa bweni aliyechoma shule. Hakuwa nayo. Mwaka wa 2016 zaidi ya shule 100 za upili zilishika moto katika muhula mmoja, na nyingi kati yake zilikuwa upande wetu huu wa magharibi na Kisii. Picha nilizoziona katika runinga zilikuwa za mapaa yanayoporomoka na wavulana waliofunika nyuso kwa sweta za shule wakipandishwa kizimbani. Katika picha hizo zote sikumsikia hata mmoja akiulizwa neno.

Filamu iliyobeba mkutano wetu wa mwisho ni "Les Quatre Cents Coups" ya Ufaransa, ambayo muuzaji alilazimika kuipakua kwa sababu hakuwa nayo. Nakala ya kwanza manukuu yake yalichelewa nyuma ya maneno. Niliirudisha siku iliyofuata naye akaisahihisha bila malipo na bila kununa. Iliongozwa na François Truffaut mwaka wa 1959, akiwa na umri wa miaka 27, na ilimpa tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la Cannes mwaka huohuo. Truffaut mwenyewe aliwahi kufungiwa katika kituo cha watoto wakaidi, na mtazamaji huihisi tofauti hiyo: hii si filamu ya mtu aliyesimama nje ya ua akichungulia.

Antoine Doinel ni mvulana ambaye jina la mkaidi linamfuata hata anapojaribu kufanya vyema. Anahepa shule na kumwona mama yake mjini akimbusu mwanamume mwingine. Kesho yake mwalimu anapomdai sababu ya kutokuja, anatoa jibu la kwanza linalomjia: mama yangu amefariki. Anaiba mashine ya kupiga chapa ofisini kwa baba yake wa kambo, anashindwa kuiuza, na anakamatwa anapoirudisha, si anapoichukua. Baba ndiye anayempeleka polisi. Jean-Pierre Léaud, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 14 tu, na uso wake ni wa mtoto kweli, jambo ambalo James Dean hangeweza kutupa.

Kisha, katika kituo cha marekebisho, linakuja tukio ambalo ningeinunua filamu hii kwa ajili yake peke yake. Antoine ameketi mbele ya meza. Mwanamke, mtaalamu wa saikolojia, anamuuliza maswali, na kamera haimwonyeshi kamwe. Tunaisikia sauti yake tu. Majibu mengi ya Léaud hayakuandikwa, bali aliyatoa mwenyewe papo hapo. Anajibu huku akichezesha vidole, anaangalia meza, anainua macho, anatabasamu na kuficha tabasamu. Kwa nini unasema uongo? Anasema kwamba hata akisema kweli hawamwamini, kwa hiyo afadhali uongo. Picha inakaa hapo. Hakuna muziki, hakuna anayemkatiza, na hakuna hotuba baada yake.

Darasani kulikuwa kimya. Mvulana mmoja, ambaye kaka yake aliwahi kupelekwa Shikusa, ile taasisi ya Borstal ya Kakamega ambako mahakama huweza kumtuma mvulana aliyetimiza miaka 15 na asiyefika 18 kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu, alisogeza kiti chake mbele. Muhula mzima nilikuwa nimemjua kwa kuegemea ukuta wa nyuma. Aliuliza, "Anayeuliza yuko wapi?" Nikamwambia kwamba hatuonyeshwi. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni vizuri. Hana haja ya kumwangalia macho."

Nililala na maneno hayo. Mtoto wa kwetu hufunzwa nyumbani kwamba kumkodolea macho mtu mzima ni ujeuri, kisha anafika ofisini na kuambiwa kwa ukali, "Niangalie ninapozungumza nawe!" Akiinua uso ni jeuri, akiinamisha ana hatia. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikalitilia mkazo katazo hilo, lakini hakuna sheria iliyotufundisha sisi walimu mahali pa kuweka macho yetu. Wiki iliyofuata niliihamisha meza yangu, na sasa mwanafunzi na mimi tunaketi upande mmoja, tukielekea dirisha la uwanja.

Nirudi dukani. Malalamiko yangu ni mawili. Filamu inayowekwa kwenye flashi haiji na alama yoyote ya umri, ilhali Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini ina madaraja yake yanayojulikana, ya GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18. Mtoto wa darasa la sita aliyeingia nyuma yangu alitoka na muvi mbili kutoka MAJAMBAZI bila kuulizwa lile swali nililoulizwa mimi, na nililisema jambo hilo palepale kaunta. La pili ni haki za waliozitengeneza filamu hizo, hasa za Kenya. Shilingi 30 zangu hazikumfikia mwongozaji yeyote. Penye njia ya kununua au kutazama filamu ya Kenya kwa mwenyewe, naomba mwalimu mwenzangu aifuate njia hiyo kwanza, kama ninavyokusudia kufanya.

Huduma yenyewe naisifu. Nilipofika mara ya tatu, kijana yule alikuwa ameziweka filamu zangu zote katika folda mpya aliyoiita YA MWALIMU, na akaniambia kwamba mteja mmoja, mama mwenye binti wa kidato cha pili, alikwisha kuinunua yote. Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Nenda kabla ya saa tisa alasiri, wanafunzi hawajajaa, ili apate nafasi ya kukusikiliza. Taja kwamba unataka nakala isiyo ya dije, jaribu manukuu palepale dukani kwa dakika kumi, na uwe na flashi isiyopungua gigabaiti 16, kwa sababu ile ya Kifaransa ni nzito.